Salim, mara hii usinambie uko sawa

Kibokoni, Mombasa
Jumatano usiku

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Barua hii anakuletea nduguyo Swaleh pamoja na kile kifurushi, amepata treni ya kesho asubuhi. Najua utacheka: mama aandika barua na simu iko kiganjani. Kwenye simu sijawahi kumaliza sentensi. Nikianza tu, wasema "niko sawa mama," na mazungumzo yamekwisha. Karatasi haikatizwi.

Mkeo Zuhura amenambia. Usimkasirikie, nilimbana mwenyewe mpaka akasema. Wewe ulinambia Jumatatu waenda "kurekebishwa mguu kidogo". Kidogo! Mtu akatwe kichwa cha mfupa wa paja, kitupwe, atiwe cha kutengenezwa, na hiyo iwe kidogo? Mimi mwenyewe natembea na nyonga ya chuma huu mwaka wa pili, nawe waja kunificha mimi?

Basi nisikilize. Wauguzi watakuja kila mara wakuulize maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi. Wewe nakujua, utasema tatu. Salim, kama ni nane sema nane. Ile dawa wakupa ili uweze kuinuka na kutembea, na asiyeinuka damu humganda miguuni, na hiyo damu ikipanda kifuani ni balaa jingine. Ukijikaza hutapata sifa yoyote pale wodini.

Nilivyofanyiwa mimi, walinidunga sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi lakini masikio yakabaki. Nilisikia nyundo. Ngo, ngo, ngo, kama fundi wa milango pale Ndia Kuu, na meza yote ikitikisika. Hapakuwa na maumivu hata chembe, ila moyo ulinienda mbio kwa ile sauti. Kama hutaki kusikia, mwambie daktari wa usingizi mapema akuongezee dawa ulale. Lakini hilo nalo ni la kusema, hawasomi moyoni.

Kesho yake asubuhi (wengine huinuliwa siku ileile) wakaja wawili, msichana na kijana, "Mama, simama." Nikadhani wanifanyia mzaha. Nikashika ule mkongojo wa miguu minne, nikapiga hatua sita mpaka mlangoni, jasho likanitoka kama niliyepanda ngazi za nyumba hii mara kumi. Cha ajabu, yale maumivu ya zamani, ya mfupa kusaga mfupa, hayakuwapo tena. Yaliyokuwapo ni ya kidonda, na hayo kila wiki yapungua. Nakwambia haya ili usije ukavunjika moyo siku ya tatu, maana siku ya tatu mguu ulinivimba, ukaingia weusi mpaka kifundoni, nikaona unaoza. Wakanambia ni damu ya ndani ikishuka. Uvimbe wenyewe ulichukua miezi kwisha.

Usiku ndio adui. Walala chali, mto katikati ya miguu, hugeuki. Siku ya tisa nililia tangu alfajiri bila sababu ya maana. Zuhura akikuona hivyo asiogope, hupita. Na tumbo litafunga kwa zile dawa za maumivu. Kula papai, kunywa maji, usingoje siku ya tano ndipo useme.

Nilimwuliza daktari wangu kama haya ni majaribio. Akacheka, akanambia Mwingereza mmoja, John Charnley, ndiye aliyeufanya upasuaji huu ukashika, huko Wrightington mwaka 1962. Mwaka huo mimi natambaa. Kwa hiyo si jambo la jana. Kwa mtu wa umri wangu aliniambia hiyo nyonga naweza kuzikwa nayo, kwani hudumu miaka 15, 20, na zaidi. Wewe una miaka 29, kwa hivyo huenda siku moja ikabidi kubadilishiwa nyingine. Umemwuliza daktari wako hilo? Au ulikaa kimya ukitikisa kichwa?

Sasa, langu lilikuwa la uzee, lako ni la sikoseli, na hapo ndipo usingizi unaponikimbia. Damu yenye seli za mundu huziba njia, kile kichwa cha mfupa kikakosa damu kikafa, hata kabla hujatimiza thelathini. Daktari alinieleza kwamba huku Pwani tunayo kwa wingi kwa sababu ya malaria: mwenye kurithi nusu moja kwa mzazi mmoja, hiyo nusu humkinga na malaria, mwenye kurithi nusu mbili ndiye aumwaye. Nusu yangu na nusu ya marehemu babako. Kila mimba bahati ni moja kwa nne. Dada zako na Swaleh walipita, wewe hukupita. Sisi hatukupimwa, na nyakati hizo hakuna aliyetuuliza. Zuhura amepimwa? Nimemwuliza, akanambia "muulize Salim." Jibu hilo silipendi.

Basi kwa mtu kama wewe, upasuaji una mambo yake. Waambie wote, hata yule anayekuja kukupima presha usiku: mimi nina sikoseli. Watakuongeza damu kabla kama iko chini. Waombe blanketi la ziada, baridi ya Nairobi ya Julai siyo ya kuchezea na baridi ndiyo inayokuamshia maumivu. Maji, Salim, maji. Usikae na kiu eti kwa sababu kwenda chooni ni taabu. Halafu watakupa kile kichupa chenye vigololi ndani, wavuta pumzi mpaka vigololi vipande juu. Utakiona cha kitoto. Kivute kila saa ukiwa macho, kwa sababu watu wenye damu yako mapafu yao huziba baada ya upasuaji. Ukisikia kifua chakuchoma, au homa, au pumzi fupi, hata kama ni saa tisa za usiku, bonyeza kengele. Usingoje asubuhi. Usiseme "sikutaka kuwasumbua."

Narudia jambo lile lile, najua. Nikikaa hapa barazani sina jingine la kufikiri.

Ile siku ya Tononoka sitaisimulia, waijua. Nataka tu ujue kwamba mwalimu wa chuoni alikuwa ameshanionya wiki moja kabla, akanambia mtoto huyu si mvivu, aumwa kweli, nami nikamjibu maneno ambayo si ya kumjibu mwalimu. Alikufa mwaka juzi. Nilikwenda matanga, sikuwa na uso wa kumwambia mkewe kitu. Na yale ya "mwanamume halii" nani alikufundisha, kama si mimi? Basi.

Uliyoyafanya juu ya mguu huo mimi nayajua. Kulazwa ulikolazwa, na mtihani ukaupasi, na leo wapiga hesabu za watu wakubwa huko na wanitumia kila mwezi. Nawaringia wenzangu wa chama mpaka wamenichoka. Lakini mwaka mzima kuchechemea na kumwambia mamako ni mpira! Mpira gani unaocheza wewe?

Ukitoka hospitali, sindano. Mimi nilidungwa tumboni kila siku, wiki tano, damu isigande. Wewe huenda wakakupa vidonge. Usiache kwa sababu wajisikia vizuri. Kifundo cha mguu kipandishe na kukishusha kila unapokumbuka, hata ukitazama simu. Zile pini za kidonda hutolewa baada ya kama wiki mbili, mimi nilizihesabu 27, zatoka kama kuumwa na siafu. Kidonda kikitoa maji au kikiwa chekundu na cha moto, rudi kwa daktari usimwonyeshe mtu wa duka la dawa. Ukipanda ngazi tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza mgonjwa. Fimbo ishike mkono wa upande wa mguu mzima. Watu wote huikosea hii. Na vaa kikoi, achana na suruali, utanishukuru.

Kisha kuna makatazo: usikunje paja kupita usawa wa kiuno, usipishanishe miguu, usiugeuze ule mguu kwa ndani. Hutegemea daktari amepitia nyuma au mbele, naye ndiye atakayekwambia ni wiki ngapi. Utaswali kwenye kiti, na hilo halina shida kwa mgonjwa. Kiti kiwe kirefu. Makochi yenu yale ya chini Zuhura ayainue au ayaweke kando.

Hapa nikwambie kitu ambacho hata dada yako hakijui. Wiki ya nne nilijiona nimepona. Watu wote wametoka, nazi iko pale, mchuzi wataka tui. Nikakaa juu ya mbuzi. Wajua mbuzi ilivyo chini. Nikakuna nusu ya kifuu, nilipotaka kuinuka nyonga ikalia "tok", na mguu wote ukaingia baridi. Nilibaki pale chini, mikono imejaa nazi, nisithubutu kusogea, mpaka nikaweza kujivuta kwa mguu wa meza. Haikutoka, Mungu alinisitiri. Watu waliporudi nikawaambia tui ni la jirani. Kwenye kliniki daktari akaniuliza kama kuna lolote, nikamwambia niko sawa. Kwa hiyo najua ulikoipata.

Siku hizi nanunua nazi iliyokunwa Marikiti, ingawa si tamu.

Zuhura asema wataka kuja kumalizia kupona huku. Njoo, ila si wiki ya pili kama ulivyopanga. Ile treni ni kukaa saa tano na zaidi, bado Miritini mpaka mjini. Ngoja daktari akuruhusu, na ukipanda uinuke utembee behewani kila baada ya muda. Kazini wakikupa wiki sita zichukue zote. Nguvu zenyewe zarudi miezi mitatu, sita, mimi mwaka ulitimia ndipo nikasahau kwamba nilipasuliwa. Boda boda usiniambie habari zake, wala tuktuk kwa mwanzo, kuinama kwake siyo mchezo.

Nimekutengea chumba cha chini, kile tulichokuwa tukiwekea mapipa. Kitanda nimekiinua juu ya matofali. Mikeka na zulia nimekunja zote kwa sababu ndizo zinazomwangusha mtu, na yule paka nimempeleka kwa Bi Mwanaisha. Amesharudi mara mbili. Maji ya mfereji hatujayaona tangu Ijumaa, nanunua ya mkokoteni, lakini tangi lako litajaa usijali. Mpangaji wa dukani hajalipa mwezi wa pili, akikupigia usimhurumie. Kwenye kifurushi mna mto mrefu, hiyo kijiko ndefu ni ya kuvalia viatu bila kuinama, leso mbili za Zuhura na achari ya ndimu. Achari usile mpaka tumbo litulie. Chupa nirudishie.

Choo cha chini fundi ameshaanza kukitia kiti cha kukalia. Sasa aniuliza kile chuma cha kushikia akipige ukuta wa kulia au wa kushoto, na saruji atachanganya keshokutwa adhuhuri. Mimi nilimwambia mguu ni wa kushoto, kwa sababu ndio niliouona ukiuvuta Idi iliyopita. Zuhura kwenye simu alitaja wa kulia. Nimekaa na fundi wa watu hapa siwezi kumwambia kitu. Ni upi, Salim? Au ni yote miwili? Nipigie leo hii ukiisoma, na unijibu kabla hujanisalimia.

Mamako