Risala ya klabu ya mazingira kwa mgeni wa heshima: kuhusu kipimo cha maji ya Ziwa Kivu, Bukavu

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Bwana Prefe mkuu wa shule yetu, walimu, wazazi, wakuu wa mtaa, ndugu wanafunzi: hamjambo, na karibuni sana.

Tunamshukuru Mungu aliyetuliza mvua asubuhi hii. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko ambao wengine waliupokea vizuri na hawakufika. Barabara ya kuja hapa umejionea, hatuna la kuongeza.

Klabu yetu ilianzishwa na mwalimu wa jiografia na wanafunzi wachache. Tangu hapo imepiga hatua kubwa. Tumepanda miti ufukweni, na mingi bado imesimama. Tumezibua mtaro wa soko. Tena tuna daftari za vipimo vya ziwa ambazo, bila kujisifu, hata vyuo vikuu vingezitamani. Historia yetu ni ndefu, ila tunajali muda wako.

Tulilokuitia ni moja. Ziwa hili hupanda na kushuka. Mvua zikikoma mwezi wa tano maji yako juu, kiangazi kikiisha yameteremka. Kila mvuvi analijua hilo. Kigumu ni kujua kwa nini mwaka mmoja hupita mwingine: ni mvua, ni mito ya milimani, ni chemchemi zinazobubujika chini ya ziwa upande wa kaskazini, ni jua, au ni maji yanayoachiwa kupita mto Ruzizi? Ruzizi ndio mlango pekee wa kutokea, na tangu miaka ya 1950 una bwawa. Maji hayo huishia Tanganyika, ziwa ambalo mwaka 2024 liliingia majumbani mwa wenzetu wa Uvira. Tukikaa tu na kukisia, tutalaumiana bure.

Marekani na Kanada wana rekodi ya pamoja ya maziwa yao makuu tangu 1918. Michigan na Huron yalipopungua kupita kiasi Januari 2013, kisha yakafura mwaka 2020, hawakuulizana nani anakumbuka vizuri. Walifungua vitabu, wakaona yamepanda zaidi ya mita moja na nusu.

Sisi tuna mti wa mkaratusi uliochorwa mistari kwa rangi. Tunausoma alfajiri kabla upepo haujasukuma mawimbi. Lakini wenye mitumbwi hufunga kamba pale, na mti umeinama. Tangu uiname, vipimo vya zamani na vya sasa havilinganishiki: ukisoma sentimita kumi zaidi, hujui kama ni ziwa lililopanda au ni mti ulioshuka. Setilaiti nazo hupima ziwa kutoka angani, ila hupita baada ya siku kadhaa na hazioni vizuri karibu na ufuko. Nazo zinahitaji kipimo cha huku chini cha kuzihakikisha.

Kwa hiyo tunaomba ubao wa chuma wenye alama za sentimita, ufungwe kwenye mwamba. Tunaomba pia mpima ardhi aje siku moja tu, atuwekee alama ya kudumu juu ya jiwe, ili hata ubao ukivunjika mwingine urudishwe kwenye kimo kilekile. Bila alama hiyo, Mheshimiwa, ubao peke yake utakuwa mkaratusi wa chuma.

Ombi hili si geni. Mgeni mmoja alipiga picha kando ya mti wetu, akasema ubao utafika kabla ya Noeli. Hakutaja Noeli ya mwaka gani. Aliyemfuata aliahidi kompyuta, ambayo hatukuiomba, na ambayo pia hatujaiona. Hatuna kinyongo nao; picha zao zimetundikwa ofisini.

Saruji na mchanga wazazi wameshachanga, viko stoo vinangoja. Baada ya chakula katibu atakuletea kitabu cha wageni. Tumekichora upya safu tatu: ahadi, tarehe, saini.

Tunaomba kuwasilisha.