Daftari la bibi

Tanga, Jumanne usiku

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Za Mombasa, wanao hawajambo? Sisi wazima, ila miguu ya mama ndiyo ile ile. Rambirambi zako zilifika, na mchele pia, Mungu akulipe. Sasa nisikilize, nina shida na wewe.

Tumefungua sanduku la bibi. Kanga, udi, na chini kabisa lile daftari la madeni, alilokuwa akilisukumia chini ya mkeka kila akituona na mikono ya mafuta. Limejaa mpaka ukurasa wa mwisho, lote kwa herufi za Kiarabu. Kiswahili chenyewe, nimekokoteza nikapata "vitumbua" na "kesho", nikakwama. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye barazani mkiandika.

Na haraka ipo. Arobaini ni wiki ijayo, mjomba anataka mirathi igawiwe, maalim naye kasema madeni kwanza: anachodaiwa kilipwe, anachodai kijulikane.

Halafu kaka kaandika wasifu wa kusomwa siku hiyo. "Alizaliwa 1938, mama wa nyumbani, hakubahatika kusoma." Eti hakubahatika! Nikamwambia futa. Kashikilia kwamba mwaka 1970, ule wa elimu ya watu wazima, bibi alijiandikisha kisomo na mwalimu akaandika hajui kusoma wala kuandika. Mtu anayeweka hesabu za nusu ya Ngamiani kwa kalamu! Unakumbuka alivyokuwa akikisimulia kile kisa? Anacheka mpaka kanga inamdondoka. Alikwenda, akazijua hizo herufi zao za Kizungu, akarudi kwenye zake. Na hiyo 1938 ni ya kitambulisho tu. Mwenyewe alisema vita vya Hitla vinakwisha yeye keshavunja ungo, kawekwa ndani. Sasa piga hesabu.

Hilo la "mama wa nyumbani" ndilo lililonikosesha usingizi. Mchele kauloweka tangu magharibi, alfajiri keshautwanga, kaukanda na tui na iliki, yuko mbele ya kikaango anageuza kitumbua kimoja kimoja kwa spoki ya baiskeli, jicho moja kwenye moto, jingine kwenye njia asipite mdaiwa bila salamu. Babu kafa mama yangu hajaanza shule. Kilichowasomesha wote wale ni kile kikaango, kisha tukaja sisi wajukuu, naye hajakitua. Miaka ya mwanzo ya 1980, sukari mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, nani alikuwa na hela? Walikula wakaandikwa. Nadhani ndiyo maana daftari nene vile. (Baba yako yumo, usijidanganye. Alikuwa akila vinne vinne.)

Kaka anasema watu hawaji kwenye hitma kusikiliza habari za vitumbua. Mimi nasema watakuja wale wale waliovila.

Basi nijibu upesi. Nikikupigia picha kurasa zote nikakutumia, utaziweza, au mwandiko mpaka uushike mkononi? Kuna majina kayazungushia duara: hao walilipa, au kawasamehe? Yeye mwenyewe alikuambia mwaka gani wa kuzaliwa? Mumeo atakuruhusu, na mpaka wa Horohoro unavuka lini? Ukija utalala kwetu au kwa shangazi yako, maana keshaanza kuuliza?

Wako, yule yule wa barabara ya kumi na mbili.