Wazazi, msiwafundishe watoto kuficha ugonjwa wakienda JKT

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wazazi, hasa wale ambao watoto wao wamemaliza kidato cha sita na majina yametoka kwenye orodha ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Mimi nilienda 2014, mujibu wa sheria, miezi mitatu, na sasa ni zamu ya mdogo wetu wa mwisho, ndo maana mambo yote yamenirudia kichwani na usingizi wenyewe sipati vizuri.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juzi tuko sebuleni tunapanga begi lake, mama akamwambia kwa upole kabisa, mwanangu ukifika ukiulizwa kama una ugonjwa wowote sema huna, wasije wakakurudisha nyumbani ukapata shida ya chuo. Nikashtuka, maana maneno hayo hayo niliambiwa na mimi mwaka ule, na nikayafuata, na nusura yaniue.

Mi na mdogo wangu wote tuna pumu. Siku ya kuripoti tulipanga foleni ndefu, unakaguliwa vyeti, begi linamwagwa chini, simu unakabidhi, unafika kwa daktari wa kambi anakuuliza una pumu, kifafa, presha, sikoseli, mjamzito, umefanyiwa operesheni karibuni? Nikajibu hapana, hapana, hapana, na inhela yangu nimeifunga ndani ya soksi kama bangi. Akanigongea mhuri nikaenda hangani, yaani bwenini.

Wiki ya kwanza ikapita nikajiona mjanja. Wiki ya pili, asubuhi moja tumeamshwa na filimbi saa kumi alfajiri kama kawaida, mchakamchaka umeanza, kombania nzima inaimba chenja, zile nyimbo za jeshini, barabara ya vumbi jekundu, na kuruta, yaani wanafunzi wa jeshi, mia kadhaa wakikimbia mbele yako lile vumbi linasimama hewani kama ukungu. Nikaanza kusikia kifua kinabana. Nikaacha kuimba nibaki na pumzi, afande akaniona nimenyamaza akaja kukimbia pembeni yangu ananifokea niimbe, na mi siwezi kumwambia chochote kwa sababu hata neno moja halitoki. Nikafikiria inhela yangu iko hangani ndani ya soksi, kilomita mbili nyuma. Nakumbuka niliona miguu ya mwenzangu wa mbele, raba zake za bluu, halafu nikaona ardhi.

Yule yule afande aliyekuwa ananifokea ndo alinibeba mgongoni. Nilipozinduka zahanati ya kambi alikuwa amekaa kwenye benchi, kombati imelowa jasho, akaniuliza swali moja tu, kuruta kwa nini hukusema? Sikuwa na jibu. Na wala hawakunirudisha nyumbani, hilo ndo linaniuma mpaka leo. Waliandika kwenye faili, nikapewa ED, yaani unapumzishwa mbio na kazi nzito kwa muda, nikahamishiwa kukimbia mbele kabisa ambako hakuna vumbi, na inhela nikaambiwa ikae mfukoni mwa bukta muda wote. Nikamaliza na wenzangu, nikala kiapo, nikachapa kwata siku ya kufunga mafunzo. Yaani siri niliyoificha ilikuwa na dawa ya dakika tano.

Sasa wazazi mjue watoto wanaenda kukutana na nini, maana mtaani kila mtu ana lake, huyu anasema watauawa na mazoezi, yule anasema ni pikiniki. Kuruta hatembei, anakimbia, akiitwa anakimbia, akienda mesi anakimbia. Akichelewa foleni ni pushapu au kichurachura. Siku inaanza giza na inaisha giza: mchakamchaka, usafi, uji, kwata juani, mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka mpaka unaota usiku, halafu ugali na maharage, halafu darasani au shambani na jembe, halafu kuhesabiwa tena usiku. Na kuna zamu za lindo, unaamshwa usiku wa manane umelala lisaa limoja tu. Kuna silaha, kusoma ramani, huduma ya kwanza, shabaha, na mwishoni porini. Kufokewa ni kila siku na mtu asilichukue moyoni, wanamfokea kila mtu, mtoto wa waziri na mtoto wa muuza mchicha wote wamenyolewa, wote wanaitwa kuruta. Hilo mi nililipenda sana kwa kweli. Kitanda cha juu yangu alilala binti wa Kigoma ambaye nisingekutana naye maisha yangu yote, leo ni somo wa mwanangu.

Ila kinachomwangusha kuruta siku za mwanzo sio kufokewa wala hizo mbio zenyewe, ni vitu vitatu: miguu, maji na kunyamaza.

Miguu ni kwa sababu ya raba mpya. JKT wenyewe kila mwaka wanatoa orodha ya vifaa, bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti, nguo za baridi kwa wanaopangiwa mikoa ya baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Mzazi ananunua raba siku moja kabla ya safari, mtoto anaivaa mara ya kwanza kwenye mchakamchaka wa kwanza, na siku ya tatu kisigino kimetoka ngozi, soksi imegandana na kidonda. Nimewaona wavulana wenye vifua vya kunyanyua vyuma wanalia kwa malengelenge. Nunua raba sasa hivi, avae kwenda dukani, avae kwenda kanisani hata kama haipendezi, jioni akimbie nayo taratibu, aongeze kila siku mbili tatu. Na soksi apate zaidi ya pea moja, mguu mbichi ndo unachubuka.

Maji watoto hawanywi, hasa wasichana, kwa kuogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni katikati ya kwata. Anashinda juani na kikombe kimoja cha uji. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi hiyo ni hatari, aende kwa daktari hapo hapo, asisubiri kesho.

Na kunyamaza nimeshakueleza kwa mfano wangu. Lakini pumu ni afadhali, kuna sikoseli. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi sana wanazaliwa na sikoseli duniani, na kinachoamsha maumivu ya sikoseli ni uchovu, baridi na kukosa maji, sasa niambie kambini kuna kipi kati ya hivyo ambacho hakipo? Mtoto wa namna hiyo ukimwambia anyamaze unampeleka wapi? Vilevile kifafa, vilevile ujauzito. Binti mjamzito anajifunga kanga tumboni ili asigundulike, mi nimeliona hilo kwa macho yangu na sitaki kulisimulia.

Kuna jambo moja la kunitia moyo. Kwenye tangazo la JKT wenye ulemavu unaoonekana wanaelekezwa kuripoti kambi ya Ruvu pale Mlandizi, kwa sababu pale kuna miundombinu ya kuwahudumia. Maana yake jeshi linajua miili haifanani. Sasa mguu mbovu daktari anauona mwenyewe, ila pumu haionekani, sikoseli haionekani, lazima mwenye nayo afungue mdomo. Na ningewaomba wakuu wa JKT, kwa heshima zote, kwenye tangazo hilo hilo muongeze mstari mmoja tu unaosema wazi kwamba kutaja ugonjwa hakumfanyi mtu akose nafasi yake ya chuo. Huo mstari ungemtuliza mama yangu kuliko maneno yangu yote, kwa sababu mama haogopi jeshi, anaogopa chuo.

Hofu yenyewe si ya leo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mpaka Ikulu kupinga sheria ya kwenda JKT, hasa ile ya kukatwa mishahara, Mwalimu akawarudisha makwao. Baba yangu alienda miaka ya themanini, enzi hizo ni mwaka mzima, na anasema bibi alimfungia mizizi kiunoni. Mujibu ikasitishwa 1994, ikarudi 2013, na kina mama bado wana hofu ile ile, mizizi tu ndo imegeuka kuwa "sema huumwi".

Mi sisemi watoto wasiende. Waende, na waimbe chenja, na wale maharage ya kambi. Lakini waende na cheti cha kliniki, jina la dawa limeandikwa vizuri na daktari, na wakifika mezani kwa daktari wa kambi waseme ukweli wote kabla hata ya kuulizwa.

Nimekaa na mama usiku wa jana nikamweleza habari ya vumbi lile, hakuwahi kuijua, miaka yote hii nilimwambia niliugua malaria. Alinyamaza muda mrefu. Asubuhi nimekuta ametoa inhela kwenye soksi za mdogo wangu, ameishonea kamfuko kadogo kwa ndani ya bukta, upande wa kulia, na kadi ya kliniki ameiweka juu kabisa ya begi. Raba mdogo wangu ameshazivaa wiki ya tatu, kisigino cha kushoto kimeanza kuachia nyuzi, mchana huu nazipeleka kwa fundi.

Msomaji wenu,
Morogoro