Mwanangu, ile 5.0 nimeshaielewa

Mtoni kwa Azizi Ali, Dar es Salaam
Machi, Jumapili usiku

Mwanangu,

Hujambo mama? Sisi hatujambo. Baba yako mgongo unamsumbua lakini anakula, mdogo wako mzima, na cherehani imepona. Naandika kwenye daftari la vipimo, kwa hiyo ukiona pembeni "kiuno 34, mkono robo tatu" usishangae, huyo ni msimamizi wa bibi harusi. Nikimaliza mdogo wako ataipiga picha akurushie. Sikutaka kupiga simu. Tukiongea, kila tukikaribia pale ninapotaka tufike, mtandao wako unakata. Nimeshazoea sasa, najua hata utakata kwenye neno gani.

Nianze na ile 5.0.

Ulipotuambia mwezi uliopita kwamba matokeo ya takwimu yametoka na umepata 5.0, nilipiga vigelegele mpaka mpangaji wa chumba cha uani akatoka kuchungulia. Nani asingepiga? Binamu yako alimaliza Mlimani na GPA ya 4.4, wakachinja mbuzi. Wangu mimi tano kamili, tena Ulaya, huko Leipzig, Ujerumani! Jumamosi yake kwenye kikoba, kabla hata hatujanunua hisa, nikasimama nikatangaza. Makofi yakapigwa. Mweka hazina akaagiza kreti ya soda kwa pesa yake mwenyewe, na wewe unamjua yule mama mkono wake ulivyo mgumu.

Juzi mdogo wako alikuwa anatafuta habari za vyuo kwenye simu, akanyamaza ghafla. Akaniuliza, "Mama, dada alisema tano au moja?" Nikamwambia tano. Akanisogezea simu bila kusema neno. Kumbe huko 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 umepita kwa kuchungulia, na 5.0 umeanguka.

Sikukasirika kwamba umeanguka. Hata mimi gauni la kwanza nililoshona mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Nilichokasirikia ni kwamba ulinisikia nikipiga vigelegele, ukaniacha. Nimejiuliza kwa nini usiseme tu, nikarudi nyuma nikaanza kuunganisha.

Mwezi wa kwanza ulituma yuro 150, ukasema ni za ada ya mdogo wako. Wiki mbili baadaye ukamtumia baba mdogo 100. Sasa nimekaa na baba yako tukapiga hesabu. Ile akaunti waliyoizuia, ya kuwaonyesha kwamba una pesa ya kuishi huko, tuliweka yuro 11,904, wanakufungulia 992 kila mwezi. Humo utoe kodi, bima, chakula, nauli. Hizo 250 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kazi ya usiku, ile ya kupanga maboksi ghalani uliyosema ni ya "mara mojamoja". Wewe mwenyewe ulinieleza sheria yao, kwamba mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Kuruhusiwa siyo kuamriwa, mama. Umepanga maboksi mpaka alfajiri, halafu ukaenda kukaa mbele ya karatasi ya takwimu.

Na kosa si lako peke yako. Fedha ile ya akaunti ilizidi shilingi milioni 30, na hatukuwa nayo. Tuliuza kiwanja cha Chanika, kiinua mgongo cha baba yako kikaingia karibu chote, na kilichobaki wakachanga ndugu. Baba mdogo alitoa milioni 2 na hajasahau hata shilingi yake. Sasa kila aliyechanga anaona umefika Ujerumani, maana yake umefika kwenye bomba la hela. Na mimi nilichangia kuwafanya waone hivyo, kwa mdomo wangu. Nikiulizwa "binti anaendeleaje?" najibu kwa majigambo, na majigambo hayo ndiyo wanayokuja kukudai wewe.

Kwa hiyo nimeanza kusafisha. Baba mdogo nimemwita hapa Jumanne, nimempa chai, nimemwambia deni la milioni 2 ni langu na la baba yako, tutamlipa kidogokidogo, na namba yako asiipigie tena kwa habari ya pesa. Alinuna. Atanuna mpaka Pasaka, halafu atakuja kula. Shangazi yako akikuandikia kwamba paa linavuja, mwambie aongee na mimi. Ada ya mdogo wako nimeilipa kwa magauni ya maharusi. Zile 150 sijazigusa, zipo kikobani kwa jina lako.

Na kikobani penyewe, Jumamosi hii nitasimama tena. Nimeshafanya mazoezi mbele ya kioo na kila mara nakwama palepale kama mtandao wako. Lakini nitasema. Kreti ya soda nitairudisha.

Sasa hilo la koti. Tangu Novemba kila tukiongea kwa video unavaa koti ndani. Mwanzoni nilidhani umetoka nje ndiyo kwanza unaingia. Halafu nikaona na kofia. Desemba ulipogeuza simu kunionyesha dirisha, saa kumi na moja jioni na nje giza kama la saa mbili, niliona pia ukutani, nyuma ya kitanda, ukungu mweusi kama ule wa bafu letu la zamani. Ukaniambia hita umeizima ili ubane matumizi. Mama, si wewe uliyenisomea mkataba wa hosteli ulipofika, kwamba kodi imeshajumlisha umeme, maji na joto? Baridi hiyo unamwekea nani akiba? Na yule msimamizi wa jengo aliyekugombeza kwamba ufungue dirisha kila siku hata kwenye baridi, kwamba hewa ya jasho na ya kupikia itoke, alikuwa na maana. Chumba cha baridi kilichofungwa muda wote lazima kiote ukungu. Ufungue wazi dakika chache, ufunge, joto liendelee. Nilimcheka nilipomsikia, sasa namwelewa.

Barua za ofisini uzifungue. Najua zinakuja kwa Kijerumani kirefu wakati masomo yako ni ya Kiingereza, na najua una rundo pale chini ya sahani, nimeliona. Bahasha ifunguliwe siku iliyofika, simu ikutafsirie, ukishindwa uende nayo kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni. Baba yako anasema usiitishike lugha yao, maneno mawili makubwa umeyajua tangu chekechea. Shule ni neno lao. Na hela ni yao pia, imetoka kwenye heller, sarafu waliyoanza kuitumia huku mwaka 1904 walipokuwa wakitutawala. Nikamwambia basi hilo la pili ndilo linalomsumbua mtoto. Alicheka mpaka mgongo ukamuuma.

Yule msichana wa Kijerumani anayesoma Kiswahili chuoni kwenu, usimwache. Siku ile uliponipa niongee naye aliniamkia "shikamoo mama" vizuri kuliko watoto wa mtaa huu. Yeye anataka Kiswahili, wewe unataka Kijerumani. Mpikie. Umesema ugali unaupika kwa semolina kwa sababu unga wa mahindi kwenye duka la Waafrika ni ghali. Haidhuru, yeye hajui tofauti. Jumapili hasa ndiyo umwite, maana naona ndiyo siku inayokumaliza. Maduka yamefungwa, korido kimya, na wewe umezoea Jumapili ya Mtoni ambapo kwaya, singeli na mashine ya kusaga vinashindana. Bibi yako wa Machame naye anauliza umeshaingia kanisani huko. Kwake Leipzig si mji wa ugenini. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na jina hilo amelisikia tangu mafundisho ya kipaimara. Huwezi kumwambia bibi kwamba uko Leipzig na hujaingia kanisani. Nenda hata ukakae nyuma.

Mwezi wa nne kuna mtu anakuja huko. Nampa unga wa dona kilo 4 na dagaa wa Mwanza kilo 2. Samaki wanaruhusiwa, nyama na maziwa hapana, kwa hiyo usiniombe tena mtori wa kugandisha. Dagaa uwakaange wenzako wakiwa darasani, dirisha wazi.

Mtihani umesema unaruhusiwa kurudia. Andika tarehe, uitume, niijue. Kazi ya ghala iache mpaka upite. Ukiwa na shida ya kweli uniambie kiasi, usinifiche. Mwisho wa mwezi huu saa zenu zinasogezwa mbele, tutapishana saa 1 badala ya 2, kwa hiyo ukipiga saa mbili usiku ya kwenu nitakuwa bado nipo kwenye cherehani.

Sasa inuka hapo ulipo. Hicho kitufe cha hita kizungushe mpaka kwenye 3, ukipige picha, unitumie nione.

Mama yako