Barua kwa Neema: bweni la mwaka wa kwanza Harvard

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na nyumbani wote hawajambo. Barua yako nimeipata, na habari ya kupokewa Harvard nimeirudia mara mbili mbili kwa furaha. Hongera sana, dada. Umeniuliza kuhusu bweni, na kila swali lako ni la mtu aliyekaa akatazama picha: matofali mekundu, miti mikubwa, madirisha yenye fremu nyeupe. Picha hizo ni za kweli. Ila nyumba iliyojengwa kabla ya taa ya umeme ina taratibu zake, na anayezijua mapema hapati tabu.

Kwanza, bweni huchagui. Karibu wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza hukaa ndani ya Harvard Yard au kando yake, sehemu kongwe ya chuo pale Cambridge, Massachusetts. Utajaza fomu ya makazi inayouliza unalala na kuamka saa ngapi, unapenda kimya au watu, ni msafi kiasi gani, ungependa kukaa na wenzako wangapi. Fomu hizo husomwa na watu, nao ndio wanaopanga nani akae na nani. Kwa hiyo jaza vile ulivyo, si vile ambavyo ungetamani kuwa. Anayeandika kwamba analala saa 4 usiku, kumbe saa 7 ndiyo kwanza anafungua daftari, atapangiwa mtu anayelala saa 4 kweli, na watasumbuana mwaka mzima. Usimpe mzazi akujazie, maana mzazi humwandika mtoto anayemtaka. Jina la bweni na la wenzako utalipata wakati wa kiangazi, kabla ya kuhamia mwishoni mwa Agosti.

Majengo yenyewe hayafanani hata kidogo. Massachusetts Hall ni la mwaka 1720, ndilo kongwe kuliko yote yaliyosimama pale. Chini kuna ofisi ya rais wa chuo, juu wanalala wanafunzi wachache. Hollis ni la 1763. Haya mawili yalilaza askari wakati jeshi la George Washington lilipouzingira mji wa Boston, 1775 hadi 1776. Stoughton ni la 1805, Holworthy la 1812, Weld la 1870, na humo Weld ndimo alimokaa John F. Kennedy mwaka wake wa kwanza. Wigglesworth na Straus ni ya karne ya 20. Canaday, la 1974, ndilo jipya ndani ya Yard, na watu hulisikitikia kwa sababu halina sura ya picha. Wewe ukipangiwa Canaday usisikitike. Uzee wa jengo unapendeza ukiwa nje unautazama. Ukiwa ndani unaupanda kwa ngazi.

Na hapo kwenye ngazi nisimame kidogo. Majengo mengi ya zamani hayana lifti. Wamarekani huhesabu ghorofa kuanzia chini: wanayoita ya 1 ni ile unayoingilia kutoka uani, hivyo chumba cha ghorofa ya 4 kwa hesabu yetu ni ghorofa ya 3. Masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, ngazi nyembamba, siku ya joto na unyevu wa Agosti, na familia nyingine zinapanda na kushuka hapo hapo. Utapewa saa yako ya kuhamia; ifuate. Funga vitu katika mizigo midogo unayoweza kubeba kwa mkono mmoja, mkono wa pili ushike ukuta wa ngazi.

Vyumba vingi vimepangwa kama nyumba ndogo: vyumba vya kulala vimezunguka sebule moja, watu wawili hadi sita. Chumba cha kulala mara nyingi ni cha watu wawili, na kikibana mnalala kitanda cha juu na chini. Utakuta kitanda, godoro, meza, kiti, kabati la droo na rafu ya vitabu. Kochi la sebuleni usilitarajie, mtachangia wenyewe. Meko ya kuotea moto utaiona katika vyumba vingi vya zamani, lakini imezibwa, haiwashwi. Weka vitabu mbele yake, basi.

Kitanda ni cha saizi wanayoiita Twin XL, yaani inchi 39 kwa 80, karibu sentimita 99 kwa 203. Nakutajia vipimo kwa sababu shuka ya kitanda cha kawaida cha mtu mmoja, inchi 39 kwa 75, inafupika kwa sentimita 13 na kuchomoka pembeni kila usiku. Usibebe shuka wala mto kutoka nyumbani. Vipo dukani, hata Target iliyoko Central Square, kituo kimoja tu cha treni ya Red Line kutoka Harvard. Jozi mbili za shuka zinatosha: moja kitandani, moja kwenye kufuliwa. Mashine za kufulia na kukaushia kwa kawaida ziko chini ya jengo. Toa nguo zako zikimaliza, la sivyo mwenye haraka atakutolea na kuzirundika juu ya mashine.

Sasa umeme, maana hapa ndipo wengi wetu huharibu vitu. Kule ni volti 120, huku ni 230 hadi 240. Chukua chaja ya kompyuta yako, igeuze, soma maandishi madogo ya upande wa chini. Ukiona "100-240V, 50/60Hz", iko salama. Unahitaji adapta ya kubadili umbo la plagi tu, kutoka pini tatu nene kwenda pini mbili bapa. Ukiona "220-240V" peke yake, kama kwenye pasi au mashine nyingi za kukaushia nywele, kiache nyumbani. Pasi ya volti 240 ikichomekwa kwenye 120 hutoa robo tu ya joto lake, utasukuma nguo mpaka uchoke. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kifaa cha 120 pekee ukija nacho likizo ukakichomeka huku, kinaungua papo hapo.

Tatizo la pili ni uchache wa soketi. Kuta hizi zilitobolewa kupitisha nyaya baadaye sana, na unaweza kukuta soketi mbili nyuma ya kitanda cha mwenzako. Nunua kule ekstensheni yenye kinga ya umeme kuzidi, ya waya mrefu. Zile nyembamba zisizo na kinga haziruhusiwi. Kisha fanya hesabu. Laini ya ampea 15 kwa volti 120 hubeba wati 1,800. Mashine ya kukausha nywele peke yake hula wati 1,500 au zaidi. Mwenzako akiwasha maikrowevu wakati huo huo, swichi kuu inakata, mnabaki gizani mkisubiri fundi. Zungumzeni ni nani awashe nini na saa ngapi. Wala si jambo la kuoneana haya.

Kuhusu moto, masharti ni makali, na yana sababu: ndani ya nyumba hizi kuna mbao za karne mbili na zaidi. Mshumaa hauruhusiwi. Udi na ubani haviruhusiwi, kwa hiyo chetezo kiache kwa mama. Jiko la koili, toasta, hita ya chumbani na taa za halojeni vyote ni marufuku, na hukaguliwa. Friji ndogo yenye maikrowevu kwa kawaida hukodiwa kupitia utaratibu wa chuo, moja kwa kundi zima, hivyo wasiliana na wenzako kabla hamjalipia mbili. Kengele ya moto ikilia usiku, mara nyingi ni bisi zilizoungua mahali fulani, lakini unatoka nje kila mara. Kwa hiyo koti na viatu vikae karibu na mlango, maana Januari huwezi kusimama uani na kandambili.

Joto la chumba ndilo jambo utakalolisikia mwilini kuliko yote. Agosti na Septemba hakuna kiyoyozi katika mabweni mengi, na ghorofa za juu huwaka. Nunua feni ya dirishani siku ya kwanza, kabla hazijaisha madukani. Ikifika Novemba, mambo yanageuka. Sheria ya Massachusetts inataka nyumba ya kuishi isipungue nyuzi 68 za Fahrenheit mchana na 64 usiku, yaani kama 20 na 18 za kwetu. Katika majengo ya zamani joto hilo huja kwa mvuke unaopita kwenye mabomba hadi kwenye radieta chini ya dirisha. Mvuke haujui wewe umevaa nini. Kuna vyumba vinavyofukuta mpaka watu wanafungua dirisha huku nje theluji inaanguka.

Usiku wa kwanza utasikia radieta inagonga kama mtu aliye na nyundo ndani ya ukuta. Si hatari. Mvuke ukipoa hugeuka maji, maji yakibaki kwenye bomba, mvuke mpya huyasukuma kwa nguvu yakagonga kona. Kama radieta yako ni ya bomba moja, vali yake iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ukiiacha nusu, maji hayapati njia ya kurudi na kelele inazidi. Isipoacha, andika ombi la matengenezo. Usiifungue kwa koleo, mvuke unaunguza. Hewa nayo hukauka sana: midomo inapasuka, pua inaweza kutoa damu, ngozi inakuwa na unga. Mafuta mazito ya kupaka uyabebe ya kutosha, na kifaa cha kutia unyevu hewani kina faida kweli. Koti la baridi usilinunue huku. Nunua kule, ukilijaribu juu ya sweta. Kama kipato cha familia yenu ni chini ya dola 100,000 kwa mwaka, msaada wa fedha wa chuo una ruzuku ya kuanzia ya dola 2,000 kwa mwaka wa kwanza, na koti ni moja ya vitu iliyokusudiwa. Soma barua yako ya msaada kwa makini.

Bafu hutegemea jengo: kwingine ni la pamoja kwenye korido, kwingine liko ndani kwenu. Wasichana wengi huombea la ndani. Mimi nasema la korido lina heri yake, maana la ndani huleta ugomvi wa kwanza: nani kanunua karatasi, nywele za nani zimeziba mfereji. Beba kandambili na kikapu cha plastiki chenye matundu cha kuwekea sabuni.

Kila sehemu ya bweni yenye mlango na ngazi zake ina prokta, mtu mzima, aghalabu mwanafunzi wa uzamili au mfanyakazi wa chuo, anayeishi humo humo. Atawakalisha wiki za mwanzo muandike makubaliano ya chumba. Wengi hujaza kwa adabu, "hakuna shida, hakuna shida", kisha Oktoba wanaacha kusalimiana. Wewe sema wazi: simu za usiku zipigiwe sebuleni, kwa sababu tofauti ya saa itakufanya uongee na nyumbani wakati wenzako wa chumba wamelala, mgeni wa kulala atajwe wiki moja kabla, chakula cha nani kinaguswa na cha nani hakiguswi, na kama unaswali au kusali alfajiri, taa ipi utawasha. Wenzako watafurahi kujua kuliko kubahatisha.

Chakula ni Annenberg, ukumbi mkubwa ndani ya Memorial Hall, jengo la kumbukumbu ya wanachuo waliokufa upande wa Muungano, yaani majimbo ya Kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Uko kaskazini ya Yard, kwa hiyo aliyepangiwa Apley Court, upande wa kusini, ana mwendo kila asubuhi.

Kelele: Wigglesworth liko kando kabisa ya barabara ya Massachusetts Avenue, magari nje na treni chini. Walio karibu na Memorial Church huamshwa na kengele. Wa vyumba vya chini watazoea watalii kuchungulia, basi weka pazia. Na usiku wa manane kabla ya mitihani kuanza, wanafunzi hukimbia uani bila nguo. Usishtuke, hulazimiki kutazama.

Kuna tarehe moja uiandike sasa hivi: mabweni hufungwa likizo ya Desemba na Januari, na anayehitaji kubaki huomba mapema. Tiketi ya kuja nyumbani ni ghali, hivyo ulizia tangu Oktoba. Machi mtapangiwa moja ya nyumba 12, yaani mabweni makubwa ya kukaa miaka mitatu inayobaki, kwa bahati nasibu, mkiwa kundi la marafiki wasiozidi wanane. Tatu ziko mbali, eneo la Quad.

Ukishajua jina la bweni na namba ya chumba, niandikie siku hiyo hiyo, nikuambie dirisha lako litatazama wapi. Wasalimie sana baba na mama, na mwambie bibi nimepokea salamu zake.

Wako akupendaye,
Tumaini