YAH: Buli la Arita mlilotuvunjia na kulitikisa mbele yetu

Meneja,
Ofisi Kuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kwa heshima zote nakuandikia kuhusu kifurushi nilichokabidhiwa kwenye ofisi yenu ya Tanga Jumanne iliyopita. Nakala ya stakabadhi nimeiambatanisha. Masharti yenu ya mizigo ya kuvunjika mnayajua.

Nilimwambia mhudumu kwamba boksi limebonyea. Akalinyanyua, akalisogeza sikioni, akalitikisa. Vipande vikagongana ndani. Akacheka: "Mzigo wako upo, dada, si unausikia unaita?" Waliokuwa kwenye foleni nao wakacheka.

Lile si birika la bati. Ni buli la kauri lililofinyangwa kwa mkono Arita, mkoa wa Saga, kisiwani Kyushu, ambako jiwe la mlima wa Izumiyama lilianza kusagwa na kufanywa kauri mwaka 1616 hivi. Mdogo wangu anasoma Fukuoka. Alilinunua kwenye gulio la vyombo la Arita, lile la Aprili 29 hadi Mei 5, akalipakata kwenye ndege mpaka Dar kwa ajili ya mama yetu. Lilikuwa na maua ya buluu yaliyochorwa kwa brashi, na ndani, pale mlizamu unapoanzia, fundi alitoboa vitundu kimoja kimoja vya kuzuia majani ya chai. Mhudumu wenu wa Dar aliviona, akavisifu, akafunga boksi kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo msiniambie lilitoka Japani na ufa.

Nilipopiga simu kesho yake nikaambiwa nitafute kifuniko kingine Kariakoo. Kifuniko kile kilichomwa pamoja na buli lake kwenye tanuri la nyuzi 1,300 hivi, na udongo husinyaa motoni. Cha buli jingine hakikai! Waholanzi walipeleka kauri za Arita Ulaya kwa meli za matanga tangu miaka ya 1650. Nyinyi mmeshindwa kulifikisha Tanga kwa barabara ya lami.

Nilikusudia kuomba gharama za kuliunga tu, maana Wajapani huunga kauri kwa utomvu wa mti na unga wa dhahabu. Lakini naandika huku naliona tena lile boksi sikioni mwa yule kijana. Nilisema, "Kaka, taratibu, ni kauri." Akalitikisa tena, kwa nguvu zaidi, akinitazama usoni. Mama alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Kisha akalipasua kwa kisu, vipande vikamwagika mezani, akavikumba kwa kiganja hadi kwenye pipa la taka huku nikimwambia aniachie. Mama aliinama akaokota kimoja sakafuni, chenye nusu ya ua la buluu, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Hakusema neno. Ndicho tulichobaki nacho.

Kwa hiyo gharama za kuunga sizitaki tena. Nataka thamani yote ya buli, nauli ya kifurushi, na kijana huyo aje nyumbani pamoja na msimamizi wake amwombe mama radhi. Nawapa siku 7. Zikipita, barua hii inakwenda Mamlaka ya Mawasiliano iliyowapa leseni, na kutoka hapo tutaonana mahakamani.

Wala msitutumie kifuniko cha Kariakoo.

Mteja wenu,
Tanga.