Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: kabla ya kununua kitanda tuulizane nyumba ni ya nani

Assalam aleikum na habari zenu wanachama wote wa chama chetu cha wenye nyumba za wageni hapa Mombasa, wa Mji wa Kale, Tudor, Kisauni, Bamburi, Likoni na nyinyi wa Shanzu ambao kila mkutano mwafika mmechoka na jam ya daraja la Nyali. Mwaka huu sitaanza na hesabu za chama, mweka hazina atazisoma mwenyewe Jumamosi, nimezipitia risiti moja moja na ziko sawa.

Naanza na lililotuuma. Mwezi wa nane, wageni wa likizo ndio wameanza kuingia, mwenzetu mmoja wa Kibokoni ilibidi afunge BnB yake na vyumba vyote vitatu vina booking. Wengi mwamjua, sitamtaja, ameniruhusu niseme. Nyumba ni ya marehemu babake na warithi ni sita, yeye ndiye aliyebaki ndani akaona aifanyie kitu, akachukua loni akatia AC, akavunja ukuta wa matumbawe kutoa dirisha jipya upande wa bahari, akapaka rangi, akapiga picha nzuri mashallah. Dada yake wa Malindi hakuulizwa, akaenda kwa wakili. Na lile dirisha nalo halikuwa na kibali. Wageni tukawagawana, wawili walilala kwangu, na nawashukuru sana waliofungua milango usiku ule bila kuuliza nani atalipa.

Sasa mimi nina langu hapa. Ndugu huyu alinipigia simu mwezi wa pili akaniuliza aanze na nini, nikamwambia akakate leseni ya biashara kaunti kwanza. Nilikosea. Sikumuuliza nyumba ni ya nani, na mimi ni mzaliwa wa hapa hapa, nazijua nyumba zetu zilivyo.

Kwa hivyo naomba tukubaliane jambo moja, kabla ya godoro, kabla ya jina, kabla ya leseni yoyote, ijulikane nyumba imesimama vipi kisheria. Kama hati iko kwa jina lako na reti za kaunti zimelipwa, alhamdulillahi, endelea. Kama ni ya urithi, mirathi imalizwe, kwa Waislamu ni mahakama ya Kadhi, na kila mrithi aweke sahihi kwamba amekubali iwe nyumba ya wageni na mapato yagawanywe vipi, hata yule aliye Jeddah hajapiga simu miaka miwili, tena yeye hasa. Kama ni ya wakfu, hiyo si yako wala ya babako, wewe ni mpangaji tu, huwezi kugusa ukuta wala kugeuza matumizi bila idhini ya Tume ya Wakf. Halafu kuna hii yetu ya Mombasa ambayo mtu wa bara ukimweleza anashangaa, nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umeijenga au umeinunua, lakini kiwanja ni cha mtu na kila mwezi wamlipa kodi ya ardhi. Wengi wetu wa Majengo na Kisauni tuko hivi. Ukitaka kuifanya biashara bila mwenye ardhi kukuandikia karatasi, siku anauza kiwanja wewe na vitanda vyako mko barabarani, na afisa wa mipango atakuuliza hiyo karatasi vilevile.

Baada ya hapo ndio kubadilisha matumizi, kutoka makazi kwenda biashara, hilo lipo kwenye Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 na ombi lapelekwa kaunti. Wa Mji wa Kale tuna zaidi, kwa sababu ni eneo la hifadhi, na kuna afisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Taifa, ukarabati wowote wa nje unapita kwao, mlango wa nakshi, roshani, dirisha, hata plasta. Kuna wanaolalamika kwamba wanatubana. Mimi sioni hivyo, mgeni aliyetoka Ulaya hakuja kuona vioo vya alumini, na ukuta wa matumbawe ukiupiga simiti unashika unyevu ndani unaanza kumomonyoka, chokaa ndiyo inaupa pumzi. Wazee walijua.

Zile nyingine nazipitia haraka kwa sababu tumeshaziongea sana. Jina la biashara kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, PIN ya kodi ya KRA, leseni ya biashara ya kaunti kila mwaka, cheti cha zimamoto (mitungi ya kuzima moto isiwe ya kupigia picha, ijazwe na ifanyiwe sevis, na mfanyakazi ajue kuitumia), ukaguzi wa afya ya umma. Halafu leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ile TRA, chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, hii wengi wanadhani ni ya mahoteli makubwa ya ufukweni peke yake lakini nyumba za wageni na hata homstei zimo. Na Hazina ya Utalii, asilimia 2 ya mapato ya malazi na chakula, yalipwa kila mwezi kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Waliofungua tawi Mtwapa kumbukeni ile ni kaunti ya Kilifi, leseni ya Mombasa haivuki daraja.

Chakula nacho, wengine wasema mimi sina mkahawa, napika mahamri na mbaazi za asubuhi tu. Ukishampa mgeni hayo mahamri umeshika chakula cha watu, kwa hivyo kila anayeingia jikoni, hata kama ni mama yako mzazi, apimwe na awe na cheti cha afya, na kinakwisha kila miezi 6. Pombe ni leseni yake peke yake, na muziki pia ukiwekwa sehemu ya wageni wote.

Kodi, kuna mkanganyiko. Ile asilimia 7.5 ni ya nyumba uliyompangisha mtu akae kama kwake, mgeni wa siku tatu ni mapato ya biashara. Ukiuza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka kuna kodi ya mauzo asilimia 3, na ukifika milioni 5 VAT inaingia, na risiti ni za eTIMS, ule mfumo wa mtandaoni wa KRA, si za kitabu. Mfanyakazi naye ana NSSF ya uzeeni, SHA ya bima ya afya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwako, msimfiche binti wa watu mkamwita ni mtoto wa shangazi amekuja kutembea.

Hili la mwisho kwenye makaratasi ndilo naona limetupita kabisa. Twawapiga wageni picha za pasipoti, zinakaa kwa simu, zingine zimetumwa kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatuhusu. Biashara ndogo, chini ya milioni 5 na watu chini ya 10, zimesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini sisi wa hoteli na malazi hatumo kwenye msamaha huo, hata ukiwa na chumba kimoja. Cheti ni cha miaka miwili. Kitabu cha wageni tuwe nacho na kijazwe vizuri, mwakumbuka mwanzo wa 2024 vile mabinti waliuawa kwenye nyumba za kukodi za siku mbili tatu kule Nairobi, serikali ikaja juu na ilikuwa na haki, lakini kikae kwenye droo yenye kufuli. Mimi mwenyewe nilifuta picha za miaka minne kwa simu yangu baada ya kusoma hii sheria.

Sasa pendekezo. Kamati imegawanyika. Kuna wanaotaka mwanachama asiye na leseni zote atolewe kufikia Januari, kwamba mmoja akifungiwa sote twaharibikiwa jina. Nawaelewa. Lakini nikiangalia watakaotoka ni kina mama wenye vyumba viwili, wajane, na hao ndio chama kiliundwa kwa ajili yao. Mimi napendekeza mwaka mmoja wa kutembea nao, kila mwenye leseni zote achukue mmoja asiye nazo, waende pamoja Huduma Centre na kaunti mpaka faili lijae, na mfuko wa chama ulipe nusu ya bei ya mitungi ya moto, na hiyo nusu sisi wengine tuirudishe kwenye mfuko kidogo kidogo. Tutapiga kura.

Mkutano ni Jumamosi baada ya alasiri, nyumbani kwangu. Kila mtu aje na kopi ya karatasi ya nyumba yake, hata kama ni ile risiti ya kodi ya ardhi iliyochanika, wakili wa kujitolea atakuwepo mpaka magharibi na ataanza na wa nyumba za urithi.